MAMA, MTAZAME MTOTO UNAPOMWOGESHA

Kabla ya kuanza kazi, mchimbaji hugonga paa la shimo kwa mtarimbo. Jiwe lililolegea halikuiti. Ni lazima ulitafute. Mwilini nako kuna hatari za namna hiyo, hasa zile tunazozificha kwa haya.

Mtoto wa kiume akiwa bado mimba, korodani zake hukaa ndani ya tumbo. Miezi ya mwisho hushuka mfukoni. Katika watoto 100 wa kiume waliotimiza miezi yao, karibu 3 huzaliwa bila moja au zote mbili kushuka. Nyingi hushuka zenyewe baadaye. Miezi 6 ikipita, ni shida kushuka bila kupasuliwa.

Joto la tumboni huharibu uzazi, na korodani iliyobaki juu yaweza kuota kansa ukubwani. Nchini Sweden waganga walifuata wanaume karibu 17,000 waliopasuliwa kwa sababu hiyo. Mwaka 2007 walitangaza kwamba waliopasuliwa baada ya kufika miaka 13 walikuwa na hatari ya kansa zaidi ya mara mbili kuliko waliopasuliwa mapema.

Wako pia watoto ambao maumbile yao hayaonyeshi wazi kama ni wa kiume au wa kike, na wasichana wenye korodani zilizofichika tumboni. Baadhi yao wana hatari kubwa ya uvimbe. Kwa wengine hatari ni ndogo, na mganga aweza kungoja. Kila mmoja apimwe. Si uchawi, wala si kosa la mama.

Fanyeni hivi:

1. Mama, mwogeshe mtoto kwa maji ya uvuguvugu, kisha tazama mfuko. Korodani inayoshuka kwa joto na kupanda kwa baridi mara nyingi si ugonjwa, lakini mwonyeshe muuguzi.

2. Miezi 6 imepita na mfuko ni mtupu? Mpeleke dispanseri, atumwe Hospitali Kuu ya Uvira. Afadhali apasuliwe kabla ya miezi 18.

3. Msichana mwenye uvimbe kinenani, au aliyefika miaka 15 bila kuona damu ya mwezi, apimwe.

4. Baba, unapooga baada ya zamu, jipapase. Uvimbe mgumu, hata usiouma, uonyeshe mara moja. Kansa hii ikishikwa mapema, wengi hupona.

Toka Kavimvira mpaka Makobola, haya haijamponya mtu. Mwambieni mganga ukweli.