Vidonge vya Kijivu vya Kuulia Kunguni

Vidonge vya kijivu vinavyouzwa mitaani Durban kwa ajili ya kunguni na panya huenda vikawa fosfidi ya alumini, dawa ya kufukizia nafaka ghalani, si ya chumba cha kulala. Nitridi ya alumini ikikutana na maji hutoa amonia. Fosfidi, nduguye, hutoa fosfini, gesi inayoua. Unyevu wa hewani tu watosha: kidonge cha gramu 3 hutoa takriban gramu 1 ya gesi hiyo, nayo hupenya nyufa hadi kwa jirani asiye na habari. Pengine hunuka kama kitunguu saumu; kutonuka si dalili ya usalama. Hakuna dawa ya kuizimua sumu hii. Msivimwagie vidonge maji. Watoeni watoto, tokeni nje, pigeni simu 10177, na mwelezeni daktari mlichotumia.