Mkunga wa Tana Anahitaji Njia ya Kwenda Baharini

Kenya haina samoni wa asili. Jamaa yake tuliye naye, trauti, aliletwa na walowezi mwanzoni mwa karne ya 20 na kuachiwa katika vijito baridi vya Mlima Kenya na Nyandarua, maji yale yale yanayokuja kuwa Mto Tana. Lakini Tana ina msafiri wake wa tangu jadi, naye ni mkunga wa maji baridi. Safari yake ni kinyume cha ile ya samoni. Samoni huzaliwa mtoni, hukulia baharini, kisha hurudi mtoni kutaga. Mkunga huzaliwa baharini, hukulia mtoni, halafu hurudi baharini kuzaa mara moja tu na kufa.

Upande huu wa Bahari Hindi una spishi nne za mikunga hao, na wataalamu wanaamini kwamba mazalio yao yako mashariki ya Madagaska. Hadi leo hakuna aliyewashuhudia wakitaga. Viluwiluwi wao, bapa na wepesi, huchukuliwa na mikondo ya bahari kwa miezi kadhaa. Wakikaribia pwani hugeuka kuwa vijikunga vyembamba vinavyopenywa na mwanga kama kioo. Wale wa Tana huingilia Kipini, mto unapomwaga maji yake Ghuba ya Ungwana, wakapita Garsen na Hola wakipandisha mto. Ndani ya mto mkunga huishi miaka mingi, mara nyingi zaidi ya kumi, akila kaa, samaki wadogo na wadudu wa majini. Akipevuka, tumbo hung'aa fedha, macho hupanuka, naye huacha kula. Hapo husubiri usiku wa giza na maji ya mafuriko yamchukue baharini.

Kwa hiyo mkunga anayekulia juu ya Nanighi, mahali palipo kando ya mto chini ya mji wa Garissa, hana budi kupita hapo mara mbili maishani: akipanda angali mdogo, na akishuka keshapevuka. Ndiyo maana sehemu hii ya mto ina uzito kuliko inavyodhaniwa. Hapa ndipo pampu za dizeli zilipowekwa mapema miaka ya 1980 kuinua maji kwenda skimu ya umwagiliaji ya Bura. Pampu isiyo na chujio hufyonza maji pamoja na vyote vilivyomo. Kijikunga hakina nguvu za kushindana na mvuto huo, na mkunga mkubwa mwenye urefu wa mita moja hukatwa na mapanga ya pampu. Mfereji wa maji yanayojiendea yenyewe, bila pampu, hauna mapanga, lakini nao usipowekewa wavu mdomoni humpeleka samaki shambani, ambako hakuna njia ya kurudi.

Juu zaidi kuna mabwawa matano ya umeme: Kindaruma lililoanza mwaka 1968, Kamburu, Gitaru, Masinga la mwaka 1981 na Kiambere la mwaka 1988. Mabwawa hayo yametupa umeme, na sisemi yabomolewe. Lakini yanafanya mambo mawili. Kwanza, ukuta mkavu unamfungia mkunga njia ya juu. Pili, Masinga hulimbika maji ya mvua na kupunguza nguvu ya mafuriko ya Aprili na Novemba, na mafuriko hayo ndiyo ishara anayoisubiri mkunga. Mpokomo anayelima kandokando ya mto huyahitaji maji hayo pia, kwa mpunga wake na kwa kujaza maziwa ya delta kama Shakababo.

Tiba yake haihitaji fedha nyingi. Kijikunga huweza kupanda mahali penye mteremko, mradi pawe na unyevu na kitu cha kushikilia. Huko Ulaya hutengenezwa ngazi ya mteremko iliyopandikizwa brashi au changarawe, maji kidogo yakichuruzika juu yake. Umoja wa Ulaya uliamka umechelewa: sheria yake ya mwaka 2007 inazitaka nchi wanachama ziweke lengo la kuruhusu angalau asilimia 40 ya mikunga wapevu, ikilinganishwa na hali ya asili, wafike baharini, lakini tayari mkunga wa huko alikuwa ukingoni mwa kutoweka. Wa kwetu hawajafika huko. Spishi tatu kati ya zile nne zimo katika kundi la wanaokaribia hatari.

 

Serikali inazungumzia bwawa jingine kubwa katika mto huu huu, la High Grand Falls. Ngazi ya mikunga na nyavu za kuzuia samaki ziingie kwenye michoro sasa, kabla ya saruji kumwagwa, na mabanio ya zamani yafungwe machujio. Nanyi wavuvi wa Nanighi, Hola na Garsen, msitumie chandarua cha mbu kuvulia mdomoni mwa mto, na mkimnasa mkunga mwenye tumbo la fedha wakati wa mafuriko, mrudisheni majini aende zake.