Kaboni Kwenye Ubao wa Raketi: Nani Anafaidika, Nani Anaumia

Agosti 2004 mjini Athens, Ryu Seung-min wa Korea Kusini alimshinda Wang Hao wa China katika fainali ya Olimpiki ya mpira wa meza kwa wanaume. Ubao wa raketi ya Ryu ulikuwa kipande kimoja cha mti wa hinoki wa Japani, bila tabaka la pili na bila uzi wa kaboni hata mmoja. Miaka minane baadaye, London, Wang Hao alifika fainali na kushindwa tena, safari hii na Zhang Jike. Huyu alicheza na Viscaria ya kampuni ya Butterfly, ubao wenye nyuzi za kaboni pande zote mbili, chini tu ya tabaka la nje la mti. Medali ni ileile ya dhahabu, lakini mbao zilizoileta hazifanani hata kidogo.

Wachezaji wengi wa klabu huuliza kama kaboni ni bora kuliko mti mtupu. Swali hilo halina jibu mpaka tujue ni nani anayeuliza, anasimama umbali gani kutoka mezani, na mkono wake unasafiri kiasi gani kabla ya kuufikia mpira. Ubao mmoja wa kaboni ukipita kwenye mikono ya watu watatu utatoa michezo mitatu, na mmoja wao huenda akacheza vibaya kuliko jana.

Tuanze na kilichomo ndani. Ubao wa kaboni, kwa sehemu kubwa sana, ni mti. Sheria za Shirikisho la Kimataifa la Mpira wa Meza, ITTF, zinataka angalau asilimia 85 ya unene wa ubao iwe mti wa asili. Tabaka la gundi linaloshikanisha vipande vya mti linaruhusiwa kuimarishwa kwa nyuzi kama za kaboni au za kioo, ila lisizidi asilimia 7.5 ya unene wote au milimita 0.35, kipimo chochote kati ya hivyo kilicho kidogo zaidi. Ubao wa kaboni wa kawaida una unene wa karibu milimita 6. Asilimia 7.5 ya hapo ni milimita 0.45, kwa hiyo kikomo halisi kinakuwa 0.35. Hata ukiweka tabaka moja kila upande wa kiini, yaani mti wa katikati, bado unabaki na zaidi ya milimita 5 za mti. Ndiyo maana mbao mbili zenye kaboni ileile zinaweza kutofautiana sana: mti uliozunguka kaboni hiyo una sauti kubwa kuliko kaboni yenyewe.

Mpira una uzito wa gramu 2.7 na hukaa kwenye raketi kwa takriban sehemu moja ya elfu ya sekunde. Katika muda huo mfupi raba na sponji hubonyea, na ubao nao hupinda kisha kuanza kutetemeka. Sehemu ya nguvu ya pigo huishia kwenye mtetemo huo, ikapita kwenye mpini hadi kiganjani, na haiurudii mpira tena. Kaboni huufanya ubao uwe mgumu kupinda. Nguvu inayopotea inapungua, mpira unaondoka mapema na kwa kasi zaidi, na mlio wa pigo unakuwa mkali. Kuna faida nyingine ambayo wauzaji huizungumzia kidogo ingawa mimi naiona kubwa kuliko kasi: mpira uliogonga karibu na ukingo hauzami kama unavyozama kwenye mti mtupu. Eneo la ubao linalorudisha mpira vizuri linapanuka.

Gharama ya kaboni ni kupotea kwa taarifa. Mtetemo ule unaopotea ndio unaomweleza mchezaji mpira umegusa wapi, kwa uzito gani, na kama raba imeushika au imeukosa. Ukiuzima mtetemo wote, mkono unabaki gizani. Kwa sababu hiyo watengenezaji walianza kuchanganya nyuzi za kaboni na nyuzi za arileti, ambazo hufyonza sehemu ya mtetemo mkali na kubakiza ule ambao mkono unaweza kuutumia. Mchanganyiko huo, ambao Butterfly huuita ALC, ndio umo ndani ya Viscaria.

Mahali kaboni ilipolazwa ni jambo zito kuliko aina ya kaboni, na hapa hesabu kidogo inasaidia. Ubao unapopinda, upande mmoja unavutwa na mwingine unabanwa, wakati katikati hapavutwi wala hapabanwi. Tabaka lililo mbali na katikati hiyo hufanya kazi kubwa zaidi kuzuia kupinda, na mchango wake hukua kwa kipeo cha pili cha umbali. Chukua mfano wa tabaka lililo milimita 2.2 kutoka katikati, chini tu ya mti wa nje, na jingine lililo milimita 1.6, limegusa kiini. Kipeo cha pili cha 2.2 ni 4.84, na cha 1.6 ni 2.56. Nyuzi zilezile, kwa kusogezwa nusu milimita na ushee, zinachangia ugumu karibu mara mbili. Kwa mchezaji, kaboni ya nje inaitikia kila mguso, hata ule mwepesi wa kurudisha sevisi fupi. Kaboni ya ndani hukaa kimya kwenye mguso mwepesi, mti ukiongoza, kisha huamka pigo linapokuwa zito.

Fainali ya Rio mwaka 2016 iliziweka aina hizi mbili meza moja. Zhang Jike alikuwa na kaboni ya nje. Ma Long alikuwa na ubao wa familia ya Hurricane Long 5 wa kampuni ya DHS, wenye kaboni ya ndani. Ma Long alishinda seti 4 kwa 0, na haitakuwa haki kusema ubao ndio ulioshinda. Lakini tazama jinsi kila mmoja alivyochagua chombo kinachofanana na mwili wake. Silaha ya Zhang ilikuwa bekihendi ya karibu na meza, mkono ukisafiri kidogo na kifundo kikikunjuka ghafla. Anayepiga hivyo hana nafasi ya kujenga nguvu kwa mzunguko mrefu wa mwili, kwa hiyo anahitaji ubao unaojibu haraka. Ma Long alijenga mchezo wake juu ya fohendi ndefu yenye topspini nzito, yaani mpira unaozunguka kuelekea mbele, miguu na kiuno vikifanya kazi kabla ya mkono. Yeye nguvu anazo tayari. Anachohitaji ni ubao unaouacha mpira uzame kwenye raba kwa kitambo ili mzunguko uingie, na unaotulia anaposukuma mpira mfupi.

Sasa tuje kwa sisi wengine.

Anayejifunza, mtoto au mtu mzima, ndiye anayeumizwa zaidi na kaboni, na anaumia taratibu bila kujua. Mpira wake wa kwanza unatoka nje ya meza. Wa pili pia. Baada ya wiki chache mwili umejifunza kujilinda: badala ya kupiga pigo kamili la kuanzia kiunoni hadi karibu na paji la uso, anasukuma mpira kwa mkono uliofungwa, kwa woga. Matokeo mezani yanaonekana kuwa mazuri, mipira inaingia, na kocha asiyekuwa makini atampongeza. Lakini pigo limekatwa, na kulirudisha kunachukua muda mrefu kuliko kulifundisha. Mti mtupu wa matabaka matano humruhusu apige kwa nguvu zake zote na mpira bado udondoke mezani. Anajifunza kuvuta mpira kwa mzunguko kwa kuwa bila mzunguko hauendi popote.

Mchezaji wa kati, yule anayefanya topspini mfululizo akiwa kwenye mwendo, anaweza kuanza kuifikiria kaboni ya ndani. Kipimo changu ni kimoja: je, unaweza kuvuta topspini ya taratibu dhidi ya mpira uliokatwa, yaani unaozunguka kinyumenyume, mara nyingi, bila kuutupa nje? Ukiweza, mkono wako tayari unazalisha mzunguko wake wenyewe. Usipoweza, kaboni itauficha udhaifu huo kwa kasi mpaka siku utakapokutana na mpinzani anayejua kukata.

Ushauri wa kawaida huishia hapo, nami naona unawasahau wazee. Mchezaji wa miaka 60 aliyecheza ujanani ana macho na akili ya mchezo, ila magoti hayamruhusu kurudi nyuma na kuzungusha mwili. Anasimama karibu na meza, anazuia, anapiga mapigo mafupi na kuelekeza mpira kwenye pembe. Kwake kaboni ya nje ni msaada wa kweli. Pigo fupi linapata kasi, eneo pana linasamehe mpira uliogonga pembeni, na hisia ya mkono aliyoijenga kwa miaka inamlinda dhidi ya ukali wa ubao. Wanaotumia raba ya chunusi fupi (yenye vinundu vifupi kwa nje) kupiga mipira bapa nao hufaidika hivyohivyo. Wakataji wanaocheza mbali na meza wafuate njia nyingine kabisa. Joo Sae-hyuk alifika fainali ya dunia mwaka 2003 kwa mchezo wa kukata, na mchezo huo hutaka ubao mpana na mpole.

Mtu anaweza kuuliza: kama mti ulitosha Athens, kwa nini karibu wachezaji wote wa juu wamehamia kaboni? Jibu langu liko kwenye mabadiliko ya vifaa. Mpira ulikuzwa kutoka milimita 38 hadi 40 mwaka 2000. Mwaka 2008 gundi za kuongeza kasi, zilizokuwa zikiijaza sponji uhai kabla ya mechi, zilipigwa marufuku. Mwaka 2014 mipira ya plastiki ilianza kuchukua nafasi ya ile ya seluloidi, na mzunguko ukapungua tena. Kila hatua iliondoa kasi kidogo, na wachezaji wa kulipwa wakaitafuta mahali palipobaki, ndani ya ubao. Wao hufanya mazoezi kila siku kwa saa nyingi. Sababu iliyowapeleka huko haimhusu mtu anayecheza jioni mbili kwa wiki.

Kama tayari una ubao wa kaboni na unakusumbua, usikimbilie kuuza. Kitu cha kwanza cha kurekebisha ni raba. Bandika raba ya kawaida yenye sponji ya milimita 1.8 badala ya ile ya 2.1 au zaidi, na chagua sponji yenye ulaini wa wastani. Ubao mgumu wenye sponji ngumu na raba ya kunata ya mtindo wa Kichina unadai pigo lenye nguvu sana. Mkono wa kawaida hauwezi kuibonyeza sponji hiyo, na mpira unatoka bila mzunguko. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, la sivyo hutajua kipi kilikusaidia.

Kwa walio Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Zanzibar kuna la ziada. Mti hunyonya unyevu wa hewa, na kaboni haiuzuii. Ubao ulioachwa wazi kwenye unyevu wa pwani huongezeka uzito na kupoza mlio wake. Ukibandua raba, nyuzinyuzi za mti wa juu hunyanyuka pamoja na gundi. Paka varnishi nyembamba mara moja kabla ya kubandika raba ya kwanza, uifute ibaki kidogo tu, na utunze raketi kwenye mfuko uliofungwa, mbali na kioo cha gari lililoegeshwa juani.

Ukipata nafasi ya kujaribu ubao wa mwenzako, usianze na smashi. Smashi huvutia kwenye kila kaboni. Anza kwa kusukuma mpira mfupi juu ya neti na uone kama ungedunda mara mbili upande wa pili. Kisha vuta topspini ya polepole. Kisha zuia mapigo mazito ya mwenzako mfululizo. Pigo kali liwe la mwisho. Ubao ukifaulu matatu ya mwanzo mikononi mwako, la nne litajipa lenyewe.

Kuhusu raketi za bei ya chini zilizokwisha bandikwa raba na kuandikwa neno kaboni kwa herufi kubwa, maandishi hayo hayakuambii nyuzi ziko tabaka gani, ni za aina gani, wala kiini ni mti upi. Raba zake mara nyingi ni ngumu na zinateleza. Mwanafunzi akipewa hiyo anapata kasi asiyoihitaji na kukosa mzunguko anaouhitaji.

Ombi langu ni kwa wazazi na walimu wa michezo wanaopanga kununua raketi za watoto: nunueni mti mtupu wa matabaka matano na raba mbili nzuri za wastani, na fedha itakayobaki nunueni mipira mingi. Kaboni itawasubiri.