Ufundi wa Habari kwa Kompyuta

Katika toleo lililopita mliiona picha ya marehemu mwalimu wetu wa hesabu, uso kama umefunikwa na moshi. Kosa lile lilikuwa langu, kwani mimi ndimi niliyeupanga ukurasa ule. Mjane wake alipokuja shuleni aliitazama kwa muda, akauliza, "Mwanangu, huyu ni nani?" Basi nataka kueleza jinsi jambo lile lilivyotokea, maana wengi wetu twafikiri kwamba mtu ajuaye kubonyeza simu amekwisha kuijua kazi ya habari.

Picha ya kompyuta ni vitone vya rangi vilivyopangwa mistari mistari. Simu ikipiga picha ya vitone 4000 kwa 3000, jumla yake ni vitone milioni 12, na kila kitone kina namba tatu: ya nyekundu, ya kijani na ya buluu. Huo ni mzigo mkubwa. Kwa sababu hiyo picha zinazotumwa katika maongezi ya simu mara nyingi hupunguzwa, zisafiri upesi na zisile pesa. Ile niliyoletewa mimi ilikuwa na vitone 480 tu kwa upana. Katika kioo cha simu ilipendeza sana. Lakini mpiga chapa hutaka vitone karibu 300 katika kila inchi ya karatasi, nami niliivuta ijaze inchi 6. Pigeni hesabu: vitone 80 kwa inchi! Vitone vilivyokwisha kutupwa kompyuta haiwezi kuvirudisha; hubahatisha tu, na uso wa mtu haubahatishwi.

Huko Marekani mambo haya hufundishwa katika shule za sekondari. Sheria ya Smith-Hughes ya mwaka 1917 ilitoa fedha za serikali kuu kwa mafunzo ya kilimo, ufundi wa viwanda na kazi za nyumbani. Sheria zilizofuata zilipanua mafunzo hayo, na siku hizi wako wanafunzi wanaojifunza kamera, sauti, kupanga kurasa na kutengeneza tovuti. Jina la zamani la elimu hiyo lilidharauliwa, watu wakidhani ni ya watoto walioshindwa masomo. Sheria ya mwaka 2006 ikaliacha, ikaiita elimu ya kazi na ufundi.

Dharau hiyo hata sisi Uganda twaijua. Somo la kompyuta katika Senior 5 na 6 twaliita somo dogo, twakariri maelezo yake kwa ajili ya mtihani. Mimi nilifaulu vizuri mtihani wa muhula, kisha nikaiharibu picha.

Ningependa tuwe na chumba kimoja, mfano wa karakana ya seremala, ambamo kijana hupewa kazi ya kweli yenye siku ya kumalizika, na fundi humkosoa. Ninyi wanafunzi wa zamani mlio katika kazi za redio na kupiga chapa, hata Jumamosi moja kwa mwezi ingetufaa.

Mjane alituletea picha yenyewe ya karatasi, inchi 4 kwa 6, aliyoihifadhi ndani ya Biblia. Tuliipitisha katika skana kwa vitone 600 kwa inchi, tukapata 2400 kwa 3600. Imo katika ukurasa wa kwanza wa toleo hili. Safari hii mama mwenyewe aliitazama kabla haijapigwa chapa.