Sahihi kwa Kanuni ya Mwaka Gani?

Kaboni 10 na haidrojeni 22 zinaweza kuungana kwa namna 75 tofauti. Ongeza hadi kaboni 20 na haidrojeni 42, namna hizo zinafika 366,319, na hapo bado hujahesabu tofauti za mkao wa kulia na kushoto. Majina ya mazoea hayawezi kutosha. Ndiyo sababu wanakemia walikutana Geneva mwaka 1892 kupanga kanuni za majina, na tangu 1919 kazi hiyo ikawa ya IUPAC, umoja wa kimataifa wa kemia. Kitabu chao cha kanuni za kampaundi za kaboni, toleo la 2013, kina kurasa zaidi ya 1,500. Mwanafunzi wa kidato cha sita anayetoka Hamugembe, mjini Bukoba, kwenda darasani katika shule ya Ihungo au Nyakato hupewa kurasa chache katika daftari lake, kisha hutahiniwa kana kwamba zilizobaki hazipo. Pengine ni huruma.

Kuna programu za bure za kumsaidia. Mojawapo ya zilizozoeleka ni ChemSketch, ya kampuni ya ACD/Labs ya Toronto, Kanada. Unachora molekuli kwenye kioo, unabonyeza, jina linatokea. Ukishaipakua haihitaji tena intaneti, jambo zito mahali ambapo bando huisha kabla ya topiki. Lakini toleo lake la bure lina mipaka: limekuwa likitaja molekuli zisizozidi atomu 50 na pete 3. Kafeini ya kahawa ya Bukoba, yenye atomu 24 na pete 2, inapita bila shida. Lumefantrini, mojawapo ya dawa mbili zilizomo katika dawa ya mseto ya malaria, ina pete 4, kwa hiyo inabaki mlangoni. Yaani programu inakutajia kinachokunyima usingizi, ila dawa ya homa yako uitafute kwingine.

Programu ya namna hii haijui kemia kwa maana ya kujua harufu, sumu au ladha. Inaona nukta na mistari. Inatafuta kwanza kundi la atomu lenye kipaumbele, kwa mfano asidi mbele ya alkoholi. Inachagua mnyororo mkuu au pete kuu. Inahesabu kutoka upande unaotoa namba ndogo. Inapanga matawi kwa alfabeti. Mwisho inaunganisha vipande kuwa neno moja. Ni kazi ya karani mwaminifu asiyechoka. Ukichora kaboni yenye mikono mitano huenda akakuonya, lakini ukichora kitu halali kisichokuwa ulichokusudia, atakipa jina safi kabisa na kosa litakuwa limevaa suti.

Mpaka hapo jambo ni jepesi. Ugumu huanza pale vyanzo viwili vinapotofautiana. Hifadhi ya PubChem, ya taasisi za afya za serikali ya Marekani, iliyo wazi kwa kila mtu tangu 2004, huandika kafeini kuwa 1,3,7-trimethylpurine-2,6-dione. Kwingine utaikuta ikiitwa 1,3,7-trimethyl-3,7-dihydro-1H-purine-2,6-dione. Mwanafunzi huona majina mawili akadhani moja ni uongo. Sivyo. Jina refu linataja waziwazi mahali pa haidrojeni za ziada kwenye pete. Fupi linaacha msomaji azitambue mwenyewe. Kumwelekeza mgeni Hamugembe kutokea stendi na kumwelekeza kutokea uwanja wa Kaitaba ni maelezo mawili, nyumba ni ileile. Kahawa ya robusta, yenye kafeini karibu mara mbili ya arabika, haijali unatumia lipi. Wahaya wa Bukoba waliitafuna ikiwa imechemshwa na kukaushwa zamani sana kabla ya Geneva kuitisha mkutano wowote.

Mfano wa pili unauma zaidi, kwa sababu unagusa alama za mtihani. Chukua kaboni moja iliyoshikana na matawi mawili ya ethyl, na kwa bondi maradufu ikashika kaboni nyingine. Vitabu vingi vya sekondari vitakuambia ni 2-ethylbut-1-ene, kwa kuwa kanuni za zamani zilidai mnyororo mkuu ubebe bondi maradufu, hata ukiwa mfupi. Kanuni za 2013 zimegeuza mambo: urefu wa mnyororo unatangulia. Mnyororo sasa ni wa kaboni tano, ile kaboni ya bondi maradufu inakuwa tawi, na jina linakuwa 3-methylidenepentane. PubChem inaandika hili la pili. Mwanafunzi akilinakili kwenye zoezi, anaweza kukuta alama ya kosa kutoka kwa mwalimu aliyefundishwa vizuri sana, ila kwa kanuni za miaka iliyopita. Wote wawili wako sahihi. Kilichowatenga ni tarehe.

Kichekesho kikubwa kipo kwenye siki. Vizazi vya wanafunzi vimekaripiwa kwa kuandika acetic acid, vikaambiwa jina la kitaalamu ni ethanoic acid. Toleo la 2013 la IUPAC yenyewe limeteua acetic acid kuwa jina linalopendelewa. Kanuni zilizunguka zikarudi kwa muuza duka.

Kwa hiyo programu inayotoa jina pekee haitoshi. Ya kufaa zaidi, kwa maoni yangu, ni ile inayofanya kinyume: unaandika jina, inakuchorea molekuli. OPSIN, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Cambridge na kuelezwa katika jarida mwaka 2011, hufanya hivyo bure, na msimbo wake uko wazi. Iandikie 2-ethylbut-1-ene na 3-methylidenepentane, utaona umbo lilelile. Iandikie 2-ethylpropane, kosa la kawaida la anayeanza, nayo itachora bila kulalamika. Lakini chukua mchoro huo uupeleke kwenye ChemSketch, utarudishiwa 2-methylbutane, na hapo utaona mwenyewe kwamba mnyororo mrefu ulikuwa umekuponyoka. Safari hiyo ya kwenda na kurudi inafundisha kuliko jina lililoletwa tayari.

Siku hizi ziko pia programu zinazojifunza majina kwa mifano badala ya kanuni. STOUT, ya watafiti wa Ujerumani, ilitoka 2021, na toleo lake la baadaye lilifunzwa kwa majina yaliyotungwa na programu nyingine ya kibiashara. Mwanafunzi amefundishwa na mwanafunzi. Mara nyingi inapatia, lakini inapokosea haina kanuni ya kukuonyesha iliteleza wapi. Roboti za mazungumzo za kwenye simu nazo hutaja majina kwa ujasiri uleule, ziwe zimepatia au zimebuni. Jina lolote la namna hiyo lipitishwe OPSIN kwanza. Likigoma kuchorwa au likichora kitu kingine, umeokoka.

Dawa ya yote haya haihitaji kompyuta mpya. Mtaala na karatasi ya mtihani vinaweza kutaja kwa mstari mmoja kanuni za toleo gani zinatumika, na mwongozo wa kusahihisha ukakubali majina yote yanayochora molekuli ileile, isipokuwa swali limedai moja maalumu. Mpaka mstari huo utakapoandikwa, mwanafunzi wa Hamugembe ajibu mtihani kwa jina la kitabu chake, na ajifunze pia lile jipya, maana ndilo atakalolikuta kwenye hifadhi za data siku atakapofanya kazi maabara au duka la dawa.