Programu Moja kwa Vituo Sita

Kwenye tembe la Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, mwandishi wa habari Stanley aliagana na mmisionari na mvumbuzi Livingstone tarehe 14 Machi 1872. Livingstone akabaki kusubiri wapagazi kutoka pwani, asiondoke mpaka 25 Agosti. Alifia safarini, na Oktoba 1873 watumishi wake Chuma na Susi walifika Kwihara na maiti yake, wakamkuta mvumbuzi Mwingereza Cameron. Leo tembe hilo ni makumbusho. Atakayebuni mfumo wa taarifa za utalii wa Tabora ataanzia hapo, ila hataishia hapo.

Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia ya kale ya misafara inayopita hapo kwenye orodha ya awali ya UNESCO ikiwa na vituo sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Kukiandikia kila kituo programu yake ni kulipia kazi ileile mara sita. Hoja hii si ngeni. Mwaka 1968, huko Garmisch, Ujerumani, Douglas McIlroy alitaka programu ziundwe kwa vipande vinavyotumika tena na tena. Miaka minne baadaye David Parnas akaeleza pa kukata: kila moduli ifiche ndani yake uamuzi unaoelekea kubadilika.

Tabora kinachobadilika ni kiingilio, saa za kufungua, barabara wakati wa masika, na simu ya mgeni. Hivyo vikae pembeni. Kiini kibebe mahali, watu, matukio na nyakati.

Kiini chenyewe kina mitego. Stanley aliandika kwamba alimkuta Livingstone Ujiji tarehe 10 Novemba 1871, lakini shajara ya Livingstone, aliyekuwa amepoteza hesabu ya siku, inaonyesha Oktoba. Ukiweka kisanduku kimoja cha tarehe, umeshaamua ugomvi usio wako. Afadhali kila tarehe iandamane na jina la aliyeitoa. Majina ya mahali ni vivyo hivyo: Burton na Speke, waliofika Tabora 1857, waliandika Kazeh. Kompyuta iipe sehemu hiyo namba moja ya utambulisho, na majina yote yaning'inie hapo na miaka yake. CIDOC CRM, mfumo wa dhana wa makumbusho uliokubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa cha ISO mwaka 2006, umejengwa juu ya matukio. Kwa njia ya misafara hilo linafaa mno: safari ya maiti ya Livingstone, iliyofika Bagamoyo Februari 1874, ni tukio moja linalounganisha Kwihara na pwani bila kunakiliwa mara mbili.

Akili ya mfumo ndiyo inakuja juu ya hapo. Mgeni mwenye saa tatu kabla ya treni apangiwe Kwihara kwanza, kwa kanuni zinazosoma umbali na saa za kufungua. Akili mnemba ikiachiwa kusimulia, isome kiini na kutaja chanzo. Vinginevyo itatoa tarehe moja ya Ujiji kwa kujiamini kabisa. Na data zikae ndani ya simu, mtandao utumike kuzihuisha tu.

Kilimatinde watajaza data zao bila kugusa programu. Swali gumu ni nani ajaze. Shajara za Wazungu zimeshachapishwa, rahisi kuingiza, kwa hiyo zitatangulia. Lakini msafara ulibebwa na Wanyamwezi, na kisanduku kilekile cha aliyesema kinaweza kupokea sauti ya mzee wa Unyanyembe, eneo la Tabora, akisimulia habari za mtemi Mirambo, pamoja na ruhusa yake, jina la aliyemrekodi na siku waliyokaa kuzungumza.