Kamera ya Mwendokasi na Ushahidi wa Picha Mbili

Tochi ya kupimia mwendo ya askari wa barabarani huishiwa nguvu mara tu madereva wanaopishana wanapoanza kuwashiana taa kuonyana, lakini kamera iliyosimikwa kando ya barabara hufanya kazi usiku na mchana wala haijadiliani na mtu, na pengine ndiyo sababu huchukiwa. Kamera iliyopata umaarufu kuliko nyingine ilitokana na Maurice Gatsonides, dereva Mholanzi aliyeshinda mbio za magari za Monte Carlo mwaka 1953, ambaye alitafuta njia ya kupima mwendo wake kwenye kona ili azidi kukimbia. Kifaa chake cha awali kilitumia mirija miwili ya mpira iliyotandazwa barabarani, gari likikanyaga wa kwanza saa inaanza kuhesabu, likikanyaga wa pili inasimama.

Kamera zilizofuata zilitumia rada, yaani chombo kinachorusha mawimbi ya redio na kuyapokea yakirudi kutoka kwenye gari. Gari likiwa katika mwendo, wimbi linalorudi huwa limebadilika marudio, yaani idadi ya mitetemo yake kwa sekunde, kama honi ya basi inavyosikika nyembamba likikaribia na nzito likishapita, na kiasi cha badiliko hilo ndicho hutoa kasi. Kwa kuwa rada inaweza kukosea, kamera hupiga picha mbili zinazopishana nusu sekunde, juu ya mistari iliyochorwa barabarani kwa umbali unaojulikana: gari lililosogea mita 12.5 kati ya picha hizo lilikuwa likienda kilomita 90 kwa saa, hesabu ambayo hata mshtakiwa anaweza kuirudia kwa kalamu na karatasi.

Wanaoiita kamera hiyo mtego wa fedha husahau kwamba, kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, kila ongezeko la asilimia 1 la kasi ya wastani huongeza hatari ya ajali zinazoua kwa takriban asilimia 4. Udhaifu mkubwa wa kamera uko kwenye kumbukumbu za usajili wa magari, kwani gari likiuzwa mara tatu huku kadi yake ya usajili ikibaki na jina la mmiliki wa kwanza, faini humwangukia asiyehusika. Serikali inayonunua kamera kabla ya kusafisha daftari la usajili hununua pambo la barabarani la bei ghali.

Kamera hizi pia huwanasa wanaopita taa nyekundu, wanaovamia njia za mabasi na wanaokatiza reli treni ikikaribia. Na zikiwekwa mbili, kilomita kadhaa baina yake, hukokotoa mwendo wa wastani na kumkomesha dereva anayekanyaga breki mbele ya kamera kisha mafuta akishaipita.